SENENE NA NZIGE: HUKUMU YAO KATIKA FIQHI NA HABARI ZAO KATIKA NCHI YA KARAGWE

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola aliyeumba kila kiumbe kwa kipimo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema. Ama baad.

Kila inapofika mvua za Novemba, katika vijiji vya Kanoni na kata nyingine za Karagwe na Kyerwa, na katika mkoa wote wa Kagera, watu hutoka kwenda kukamata senene. Na kila zinapofika mvua hizo, swali moja hurudi misikitini na madrasa: je, senene ndiye yule jaradi aliyehalalishwa katika hadithi, au ni mdudu mwingine aliye chini ya hukumu ya wadudu, ambao wanazuoni walio wengi wamewaharimisha? Wanafunzi wanaotoka mikoa isiyojua senene huuliza kwa mshangao, na wenyeji hujibu kwamba babu zetu walikula. Majibu yote mawili hayatoshelezi. Mshangao si dalili ya uharamu, na ada ya babu peke yake si dalili ya uhalali. Kwa hiyo tumeona tuwaangalie wadudu hawa wawili, senene na nzige, kwa maumbile yao, kwa maandiko ya wanazuoni, na kwa historia ya nchi yetu.

MAUMBILE YAO

Senene na nzige wote ni wadudu walao majani, wenye miguu sita, mabawa manne, na miguu mirefu ya nyuma ya kurukia. Wote hawana damu imiminikayo, na wote huweza kuja kwa makundi makubwa. Mtu akiwatazama kwa mbali atasema ni ndugu wa baba mmoja. Akiwakaribia ataona tofauti.

Ya kwanza ni papasi, yaani zile nyuzi za kichwani. Papasi za nzige ni fupi na nene. Za senene ni nyembamba, na urefu wake hufikia au hupita urefu wa mwili. Ya pili ni masikio. Nzige husikia kwa masikio yaliyo ubavuni, mwanzoni mwa tumbo, na senene masikio yake yapo katika miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Ya tatu ni mlio. Senene dume hulia kwa kusugua bawa juu ya bawa, lakini katika jamii ya nzige kawaida ni kusugua mguu na bawa. Ya nne ni kuzaa. Nzige jike hutumbukiza tumbo ardhini na kutaga mayai mchangani. Senene jike ana kitagio kirefu mfano wa upanga, naye hutaga katika mashina na maganda ya nyasi. Ya tano ni safari. Nzige wa jangwani huruka mchana na hutua jua linapozama, hali senene huruka usiku na huvutwa na mwanga.

Rangi pia hutofautiana. Senene wengi ni wa kijani au wa kahawia, na mara chache huonekana wa zambarau. Nzige wa jangwani akiwa peke yake huwa na rangi ya mchanga, mpole, asiyejulikana. Mvua zikinyesha na majani yakaota sehemu chache, nzige hujikuta pamoja, miili ikagusana, na hapo tabia hubadilika: rangi hugeuka, wakaanza kwenda kwa jeshi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1921 na mtaalamu Boris Uvarov, aliyebainisha kwamba mdudu mmoja huweza kuwa na hali mbili zinazofanana na viumbe wawili mbalimbali. Waswahili walikwisha kumpa mtoto wa nzige asiyeruka jina lake, tunutu, na Waarabu nao walimwita daba. Jina jaradi lenyewe, katika lugha ya Kiarabu, linarudi kwenye maana ya kuvua na kuacha utupu, kwa kuwa jaradi huiacha ardhi bila majani.

JARADI KATIKA QUR'AN NA SUNNA

Jaradi ametajwa katika Qur'an mara mbili. Katika Suratul A'raf aya ya 133, ni moja ya adhabu zilizoteremshwa kwa watu wa Firauni. Katika Suratul Qamar aya ya 7, watu watokao makaburini wamefananishwa na jaradi waliotawanyika. Tazama, ndugu msomaji, jinsi kiumbe huyu alivyo adhabu mahali pamoja, na mfano wa Siku ya Kiyama mahali pengine.

Katika Sunna amekuwa chakula. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Abi Awfa (r.a.) kwamba walipigana pamoja na Mtume (s.a.w.) vita sita au saba, kwa shaka ya mpokezi, nao wakila jaradi. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) ile hadithi mashuhuri ya maiti wawili waliohalalishwa, samaki na jaradi, na damu mbili, ini na wengu. Ameipokea Imamu Ahmad na Ibn Majah. Wanazuoni wa hadithi wamesema iliyo sahihi zaidi ni kwamba hayo ni maneno ya Ibn Umar mwenyewe, lakini yana hukumu ya kunyanyuliwa kwa Mtume, kwa sababu Sahaba hasemi kwa rai yake kwamba tumehalalishiwa kitu. Na katika Muwatta ya Imamu Malik imo habari kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliulizwa juu ya jaradi, akatamani lau angekuwa na kikapu chao ale.

Kuanzia hapo wanazuoni wakapitisha ijmaa juu ya uhalali wa jaradi, kama alivyoinukuu Imamu an-Nawawi. Wakahitilafiana katika namna ya kufa kwake. Jumhuri, wakiwemo Shafii, Abu Hanifa na Ahmad katika kauli mashuhuri, wamesema huliwa hata akifa mwenyewe. Malik amesema hapana budi afe kwa kitendo cha mwanadamu, na ndiyo maana Khalil katika Mukhtasar akataja kwamba jaradi huhitaji kudhakiwa kwa jambo limuualo, hata kama halimuui papo hapo, kama kukatwa bawa. Wanafunzi wetu wa Abu Shuja wanaijua mas'ala hii tangu utotoni, maana imo katika mlango wa mawindo na vichinjwa.

JE, SENENE NI JARADI?

Hapa ndipo penye mjadala. Wataalamu wa wadudu wa zama zetu wamewagawa warukaji hawa katika pande mbili: wenye papasi fupi, na humo yumo nzige na panzi wa kawaida, na wenye papasi ndefu, na humo yumo senene pamoja na nyenje. Kwa hesabu hiyo, senene ni jamaa wa karibu zaidi wa nyenje kuliko nzige. Na katika vitabu vya Kishafii nyenje ametajwa kuwa haramu kwa kauli iliyo sahihi zaidi, akifananishwa na mbawakawa. Basi akasimama mwenye hoja akasema: senene ni wa nasaba ya nyenje, nyenje ni haramu, kwa hiyo senene ni haramu.

Tunasema: hoja hii ina sura nzuri lakini msingi wake si imara, kwa njia tatu.

Kwanza, sharia haikufungamanisha hukumu na nasaba inayotambuliwa kwa darubini. Imeifungamanisha na jina linalojulikana kwa watu wa lugha, na sifa zinazoonekana. An-Nawawi katika Minhaj ameweka kanuni ya mnyama ambaye hakuna nassi juu yake: wataulizwa Waarabu jina lake na litafuatwa, na asipokuwa na jina kwao, atatazamwa aliye karibu naye zaidi kwa kufanana. Mashekhe wakafafanua kwamba kufanana huko ni kwa umbo, au tabia, au ladha. Senene akipimwa kwa umbo, ni mrukaji mwenye mabawa mfano wa jaradi. Kwa tabia, hula nyasi na punje changa za nafaka, na huja kwa makundi. Kwa ladha na matumizi, hukaangwa na kuliwa kama Waarabu walavyo jaradi. Wala jina jaradi kwa Waarabu halikuwa la aina moja tu. Ad-Damiri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, katika kitabu chake cha maisha ya wanyama amemtaja jundub kuwa ni namna ya jaradi.

Pili, illa ya kuharimishwa nyenje ni kuchukiza kwake na kuwa miongoni mwa wadudu wa mashimoni na uchafuni. Illa hiyo haipo kwa senene, aishiye juu ya vichwa vya nyasi. Na hukumu huzunguka pamoja na illa yake, kuwepo na kutokuwepo.

Tatu, Waislamu wa Buhaya, Karagwe na Uganda wamemla kizazi baada ya kizazi.

Kwa upande wa Malik jambo ni jepesi zaidi, kwa kuwa katika madhehebu yake hata wadudu wengine huliwa wakidhakiwa na wasipokuwa na madhara. Kwa hiyo rai tunayoiona kuwa na nguvu ni kwamba senene ni halali, ameunganishwa na jaradi, na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Na asiyempenda asimle, wala asimuharimishie mwenziwe. Mtume (s.a.w.) aliletewa dhabu, yaani mjusi yule wa jangwani, akaacha kumla kwa kuwa hakuwa katika nchi ya watu wake, na Khalid bin Walid (r.a.) akamla mbele yake bila kukatazwa.

KARAGWE NA NJIA YA MISAFARA

Wasomaji wa mbali huenda wasijue kwamba Karagwe ni katika sehemu za mwanzo za bara zilizofikiwa na Waislamu kutoka pwani. Katikati ya karne ya 19, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, ikapanda kaskazini hadi Karagwe, kisha Buganda. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844. Waarabu na Waswahili walijenga kituo Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika, wakifanya biashara ya nguo, shanga, chumvi, pembe za ndovu, na pia watumwa, jambo ambalo mwanahistoria mwadilifu halifichi. Msafiri Speke alifika kwa Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Ahmed bin Ibrahim huyo huyo akiishi Kafuro.

Waislamu waliokwenda na misafara hiyo walikuta watu wenye ng'ombe, ndizi na senene. Suala la chakula halikuwa dogo. Mwaka huo huo wa 1876, huko Buganda, Kabaka Mutesa aliwaua makumi ya vijana Waislamu, na katika makosa waliyohesabiwa ni kukataa kula nyama ya ikulu iliyochinjwa na wasiokuwa Waislamu. Nyama ilihitaji mchinjaji. Senene, kwa mujibu wa jumhuri, hahitaji. Akikamatwa na Muislamu au asiyekuwa Muislamu, akiwa hai au amekufa, hukumu yake ni moja kama samaki.

Jambo hili lina uzito hata leo. Mwaka 2013 mgogoro wa nani achinje ulipozuka Kanda ya Ziwa, watu walifarakana, na huko Buseresere mkoani Geita ulipotea uhai wa mtu. Sokoni kwenye senene, Muislamu na jirani yake Mkristo hununua kutoka kopo moja bila neno. Imamu mwenye hekima ataitumia mas'ala hii kuwafundisha watu wake kwamba sharia imeweka mpaka mahali pake, wala hatuna ruhusa ya kuusogeza ukafika pasipokuwa na mpaka.

MIIKO ISIYO NA DALILI

Senene ana heshima kubwa katika nchi za ziwa. Kwa Kiganda mwezi wa Novemba huitwa Museenene, mwezi wa senene, na huko Buganda upo ukoo uitwao Nsenene, ambao mwiko wake ni senene huyo huyo, hawamli. Katika baadhi ya jamii za ukanda huu, wanawake ndio waliotoka alfajiri kuokota, wakanyonyoa, wakakaanga, lakini kula wakaachiwa wanaume. Mwanamke aliambiwa kwamba akila, mtoto wake atazaliwa na kichwa kilichochongoka kama cha senene.

Siku hizi wanawake wengi hula bila hofu, lakini mabaki ya imani hizo bado yapo, na mengine yamo katika nyumba za Waislamu. Tunawakumbusha kwamba Qur'an imekwisha kulijibu jambo hili. Katika Suratul An'am aya ya 139, Allah (s.w.t.) amewalaumu washirikina waliosema kwamba vilivyomo matumboni mwa baadhi ya wanyama ni kwa ajili ya wanaume wao tu na ni haramu kwa wake zao. Na katika Suratul Maida aya ya 87 waumini wamekatazwa kuharimisha vizuri alivyowahalalishia Mola wao. Muislamu wa ukoo wenye mwiko akiacha kula kwa kuwa nafsi yake haipendi, hana lawama. Akiacha kwa kuitakidi kwamba ni haramu kwake kwa sababu ya ukoo, amejiwekea sharia ambayo hakuiteremsha Allah. Na mwanamume anayemtuma mkewe kuokota kisha akamnyima kwa hoja ya mwiko, amekusanya dhulma na uzushi.

NZIGE: CHAKULA NA BALAA

Senene ni nadra kuwa msiba. Nzige ni kinyume chake. Katika miaka ya 1890 nzige waliivamia Afrika Mashariki, baada tu ya sotoka kumaliza ng'ombe, na njaa ikafuata katika sehemu nyingi. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 nzige mwekundu alitanda kutoka bonde la Rukwa na nyika za Mweru hadi nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika. Mpaka sasa bonde la Rukwa, Katavi, Malagarasi na Wembere huhesabiwa kuwa makazi yake nchini Tanzania, na hulindwa na shirika la nchi kadhaa lenye makao yake Ndola, Zambia.

Nzige wa jangwani naye alirudi. Mwishoni mwa 2019 aliingia Kenya, uvamizi mkubwa kuliko wote kwa miaka 70, na Februari 2020 akafika Uganda. Mwaka 2021 makundi yalionekana Longido na Simanjiro kaskazini mwa Tanzania. Kundi la kilomita moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 80, nalo kwa siku moja hula chakula cha watu 35,000.

Je, yafaa kumuua? Baadhi ya watu hushikamana na riwaya dhaifu kwamba jaradi ni jeshi la Allah lisiuawe. Al-Qurtubi, katika tafsiri ya aya ile ya Suratul A'raf, ametaja hitilafu hii, kisha akasema wanafiqhi wote wamesema huuawa anapoharibu, kwa kuwa mali ya watu ina heshima. Kwa hiyo mkulima anayepulizia dawa hana dhambi.

Lakini nzige aliyepuliziwa sumu haliwi. Hapa tunanufaika na maneno ya Ibn al-Arabi, Mmaliki wa Andalusia aliyefariki mwaka 543 Hijria. Yeye alitofautisha baina ya jaradi wa Hijazi na jaradi wa Andalusia, akasema wa Andalusia haliwi kwa kuwa ni madhara matupu. Ibn Hajar akalieleza hilo katika Fat'hul Bari kwamba, ikithibiti kuwa nchi fulani ina jaradi mwenye sumu, basi huyo hutoka katika uhalali. Wanazuoni hawa walifahamu kwamba jina moja laweza kubeba hukumu mbili, kulingana na madhara. Kwa kipimo hicho, jaradi wa dawa ya shambani ni haramu, hata kama asili yake ni halali.

ADABU ZA KUKAMATA NA KUANDAA

Siku hizi senene hukamatwa kwa taa kali, mabati na mapipa. Mdudu huvutwa na mwanga, hugonga bati, akateleza ndani ya pipa. Mwenye mtego ndiye mmiliki wa kilichoingia mtegoni, kama alivyo mwenye wavu. Ama aliyetua katika uwanja wa jirani, si haki kuruka ua na kumchukua bila idhini. Na mwenye taa asiwaudhi majirani kwa mwanga wa usiku kucha.

Wengine humnyonyoa mabawa na miguu angali hai, kwa saa nzima, huku wakicheka. Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyopokewa na Muslim, kwamba wema umeandikwa juu ya kila kitu, hata katika kuua. Ni bora auawe kwanza upesi, kwa kubanwa kichwa au kumwagiwa maji ya moto, ndipo anyonyolewe. Imamu Ahmad aliulizwa juu ya kutupa motoni samaki aliye hai, hakupendezwa, akasema jaradi ni jepesi zaidi kwa kuwa samaki ana damu. Na anayemuua kwa mkono wake huku akimtaja Allah ametoka pia katika hitilafu ya Malik.

Hitimisho letu ni haya. Nzige na senene ni viumbe wawili, wanatofautiana papasi, masikio, mayai na safari, lakini kifiqhi wanakutana katika uhalali. Hawahitaji mchinjaji kwa kauli ya jumhuri. Wanaliwa na mwanamume na mwanamke, na mwiko wa ukoo haubadilishi hukumu. Aliye na madhara, kwa sumu au kwa maradhi ya mlaji, haliwi. Tunawaomba maimamu wa Karagwe, Kyerwa na Kagera nzima wayafikishe haya katika darsa zao kabla ya msimu, ili mtu ale akijua, na anayeacha aache akijua.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.